Kanopi Haikuzaliwa kwa Ajili ya Upepo

Kuna swali ambalo wenye pikapu za umeme huko Marekani huulizana sana: nikifunga kanopi nyuma, betri itadumu au itaisha haraka? Kwao mara nyingi ni swali la wikendi, la mtu anayebeba hema na baiskeli kwenda kupiga kambi. Lilete Lodwar, na litabadilika sura. Hapa pikapu ni basi, ni ambulensi, ni duka la jumla, na wakati mwingine ni zizi la mbuzi linalotembea. Nani atakaa chini ya kanopi, na gari litafika Kakuma na kurudi? Hayo ndiyo maswali yetu. Na ili kuyajibu, lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu kanopi ya Kenya ina historia yake, na historia hiyo haikuanza na upepo. Ilianza na abiria.

Matatu za kwanza hazikuwa nganya zenye taa za buluu na spika. Zilikuwa magari mabovu mabovu na pikapu, na jina lenyewe linatokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini. Miaka ya sabini, Peugeot 404 pikapu ndiyo ilikuwa mfalme. Fundi wa jua kali alichukua pikapu, akasimamisha fremu ya chuma nyuma, akaizungushia bati au turubai, akaweka mabenchi mawili yanayotazamana. Watu wakagusana magoti mpaka mwisho wa safari. Kanopi ndiyo iliyogeuza gari la mizigo kuwa gari la watu. Hakuna aliyeuliza kama inakula mafuta. Iliingiza nauli, basi.

Mwaka wa 1973, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba matatu zibebe abiria bila kuhitaji leseni zilizokuwa zikitakiwa kwa mabasi. Ni amri iliyofungua milango. Lakini kuna kitu kidogo ambacho vitabu vyetu vya shule havikukisema kwa sauti: mtu huyu aliyehalalisha usafiri wa wanyonge alikuwa amekaa mahali ambapo usafiri haukuwepo. Baada ya kumaliza kifungo chake Lokitaung mwaka wa 1959, wakoloni hawakumwachilia. Walimhamishia Lodwar, akakaa hapo chini ya ulinzi hadi 1961 alipopelekwa Maralal. Kwa nini Lodwar? Kwa sababu Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia kulihitaji kibali, na barabara ilikuwa jina tu. Umbali wenyewe ulikuwa ukuta wa jela.

Sitasema kwamba Kenyatta aliamka siku moja Ikulu akakumbuka mchanga wa Lodwar ndipo akaruhusu matatu. Historia haifanyi kazi hivyo. Ninachosema ni kwamba huku kaskazini serikali ilijua tangu zamani kuwa kumnyima mtu gari ni kumfunga bila pingu.

Mwaka huo huo wa 1973, upande mwingine wa dunia, bei ya mafuta ilikuwa inapanda kwa fujo. Kule California, mhandisi wa NASA aitwaye Edwin Saltzman alikuwa akiendesha baiskeli kwenda kazini. Kila lori lilipompita alihisi hewa ikimsukuma, kisha ikimvuta. Akawaza: lori hili linatumia nguvu nyingi kupigana na hewa tu. Yeye na wenzake wakachukua gari la kubebea mizigo, wakalivalisha mabati mpaka likawa kama sanduku la viatu, lenye kona kali kila upande. Kisha wakaanza kuviringisha zile kona kidogo kidogo na kupima. Ukinzani wa hewa ulishuka kwa kiasi kikubwa sana. Kwa hiyo mwaka mmoja, watu wa pande mbili za dunia walikuwa wakishughulika na masanduku ya bati. Kule walikuwa wakiyapima. Huku tulikuwa tukiyajaza watu.

Nilisoma uhandisi mpaka mwaka wa tatu, karo ikaisha kabla ya shahada. Hesabu hazikuniacha lakini, na nitazitumia hapa. Usiogope, ni chache.

Gari likitembea linapigana na vitu viwili vikubwa: hewa na ardhi. Ukinzani wa ardhi kwenye matairi hutegemea uzito na aina ya barabara. Ukinzani wa hewa hutegemea umbo na mwendo, na hapo kuna mtego: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne.

Tuchukue pikapu ya mfano ya tani tatu. Tuiweke kwenye mchanga laini, kilomita 30 kwa saa. Kwa makadirio yangu, matairi yanadai nguvu ya karibu nyutoni 2,900. Hewa inadai kama 45 tu. Sasa funga kanopi ya chuma ya kilo 150. Hata kama umbo lake ni baya kiasi gani, kwa mwendo huo hewa haina habari nayo. Uzito ndio unaouma: mchanga unadai karibu nyutoni 150 zaidi.

Hiyo ndiyo ilikuwa Turkana kwa miaka mingi. Lami ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa kwa msaada wa Norwe. Kisha Oktoba 1990 serikali ya Moi ikavunja uhusiano na Norwe kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na wafadhili wakafunga virago. Lami ikabaki bila mwenyewe. Jua likaikausha, mafuriko yakaila kingo, malori yakamaliza kilichobaki. Tangu 1989 Lokichoggio ilikuwa kituo cha misaada ya kwenda Sudan Kusini, na mwaka wa 1992 kambi ya Kakuma ilifunguliwa kwa ajili ya wavulana waliotembea kwa miguu kutoka vitani. Kila gunia la mahindi lililoliwa pale lilipita kwenye njia hiyo. Ilifika mahali madereva wakaiacha lami kabisa, wakapita kando kwenye mchanga, kwa sababu mchanga haukuwa na mashimo.

Katika barabara kama hiyo, fundi wa Lodwar alikuwa na akili kuliko katalogi yoyote. Hakujenga kanopi ya bati zito. Alichomelea mabomba mepesi ya chuma, akatupia turubai juu, akaacha pembeni wazi. Abiria wanapata kivuli, upepo unapita, na mtu akitaka kuruka chini wakati majambazi wanapiga risasi, anaruka. Fundi mmoja aliniambia kwa ufupi, "Kijana, bati ni jiko." Ukiwahi kukaa Lodwar mchana, kwenye joto la nyuzi 36, hutaomba maelezo zaidi.

Lakini lami imerudi. Mwaka wa 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuifufua njia ya kwenda mpaka wa Sudan Kusini, na safari ya Lodwar hadi Kakuma, kama kilomita 120, si ile ya zamani tena. Na lami inapobadilika, hesabu zinapinduka. Pikapu ile ile ikienda kilomita 100 kwa saa kwenye lami nzuri, matairi yanadai kama nyutoni 440, na hewa inadai kama 500. Sasa hewa ndiyo bosi. Kanopi ikiharibu umbo la gari kwa asilimia nane tu, hiyo ni nyutoni 40, wakati uzito wake unaongeza kama 22. Kitu kile kile, gari lile lile. Kilichobadilika ni barabara tu.

Basi kanopi inasaidia au inaharibu? Inategemea umbo. Pikapu tupu ina siri ambayo wengi hawaiamini: mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, hewa inayotoka juu ya kebini hunasa nyuma na kuzunguka kama maji kwenye beseni. Hewa nyingine inateleza juu ya ule mzunguko. Ndiyo maana kuufungua mlango ili "upepo upite" kwa kawaida hakusaidii, na mara nyingi kunaharibu. Kifuniko bapa kinachofunika sehemu ya mizigo hupunguza ukinzani kidogo. Kanopi inayoshuka taratibu kuelekea nyuma inaweza kupunguza zaidi. Lakini kanopi iliyo juu kuliko kebini, yenye uso wima unaokabili upepo, ni ukuta. Ukiongeza keria juu yake, kisha magodoro matatu, jerikeni na baiskeli, usimlaumu mtengenezaji wa betri.

Halafu kuna upepo wenyewe. Mwaka wa 1982 wanasayansi Kinuthia na Asnani walichapisha utafiti kuhusu mkondo wa upepo mkali unaopita kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia, kama maji yanavyobanwa kwenye mfereji. Unavuma kutoka kusini mashariki. Upepo huo ndio unaozungusha mitambo 365 ya Loiyangalani, ng'ambo ya ziwa upande wa Marsabit.

Sasa fungua ramani. Kakuma iko kaskazini magharibi ya Lodwar. Maana yake ni kwamba ukienda Kakuma upepo unakusukuma mgongoni, na ukirudi unakupiga usoni. Tuseme unavuma kilomita 30 kwa saa na wewe unaendesha 80. Kwenda, gari linaona hewa ya kilomita 50. Kurudi, linaona hewa ya 110. Kwa pikapu yetu ya mfano, nishati inayohitajika kwenye magurudumu ni kama kilowati-saa 19 kwenda, na kama 35 kurudi. Dereva atakayefika Kakuma akaangalia betri, akaona ametumia karibu nusu, akasema "tuko sawa", anaweza kujikuta amesimama kabla ya kuona taa za Lodwar. Na akiwa na kanopi ya ukuta, atasimama mapema zaidi, kwa sababu umbo baya linalipiwa zaidi pale upepo unapokukabili.

Gari la dizeli lilisamehe mambo haya. Jerikeni ya lita ishirini ilifunika dhambi zote za umbo. Betri haina jerikeni. Ndiyo maana swali la kanopi, ambalo kwa miaka hamsini halikuwa na maana yoyote kwetu, limekuwa swali la kweli.

Mtu ataniambia pikapu za umeme ni ndoto ya Nairobi. Labda kwa leo. Lakini kampuni ya Opibus, ambayo sasa inaitwa Roam, ilianza Nairobi mwaka wa 2017, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kung'oa injini kwenye Land Cruiser za watalii na kutia mota na betri. Toyota yenyewe ilionyesha Hilux ya umeme huko Thailand Desemba 2022. Na magari ya Turkana hayaji mapya, yanakuja baada ya wengine kuyachoka. Yatafika.

Yakifika yatakuta kichekesho. Mto Turkwel una bwawa la umeme tangu miaka ya tisini mwanzoni, lakini nyaya zake zilielekea kusini. Lodwar kwa miaka mingi imewashwa na mitambo ya dizeli. Kuchaji gari kwa umeme wa dizeli ni kuhamisha moshi kutoka ekzosi moja kwenda nyingine. Matumaini yako kwenye jua, ambalo hapa halijawahi kuadimika, na upande wa Kakuma na Kalobeyei mitambo midogo ya sola tayari inawasha maduka. Lakini umeme wa mtambo mdogo ni wa kuhesabu. Kila kilowati-saa inayopotea kwenye kona kali ya kanopi ni friji ya mtu iliyozimwa.

Mwaka wa 2004 sheria za waziri John Michuki ziliondoa mabenchi ya kutazamana kwenye matatu za mijini, zikaleta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Zilikuwa sheria nzuri, na ziliokoa watu. Lakini nyuma ya pikapu za Turkana mama bado anapanda na mtoto mgongoni, kwa sababu hospitali haijamfuata nyumbani. Huyo ndiye abiria ambaye mtu wa katalogi hakumfikiria alipochora kifuniko bapa kinachookoa betri. Kifuniko bapa kinafanya hesabu ya hewa iwe nzuri na kumwacha mama barabarani.

Kwa hiyo kazi iko kwa mafundi wa Lodwar, na si kazi ngumu kwao. Mabomba mepesi kama kawaida. Sehemu ya mbele isizidi urefu wa kebini, na kona zake ziviringishwe. Paa lishuke kidogo kuelekea nyuma, ila si mpaka abiria wainame. Turubai livutwe likaze, maana turubai linalopigapiga linakula nishati na masikio. Mizigo ikae chini, si juu ya paa. Na kabla ya kuondoka Kakuma, dereva atazame bendera ya shule iliyo karibu aone inapepea upande gani, ndipo aangalie betri.