Jina Moja, Nasaba Nne: Historia ya Uainishaji wa Parisotoma notabilis

Mwaka 1896 mtaalamu wa Kijerumani, Schäffer, alichapisha maelezo ya kolembola waliopatikana Hamburg na maeneo ya jirani. Kolembola ni viumbe wadogo wa udongoni, wenye miguu 6 na wasio na mabawa. Wengi wao wana kiungo chenye umbo la uma kilichokunjwa chini ya tumbo, ambacho hufyatuka na kumrusha mnyama anaposhtuliwa. Miongoni mwa spishi alizozieleza Schäffer ilikuwamo moja ya kijivu, yenye urefu wa takriban milimita 1, aliyoiita Isotoma notabilis. Baadaye spishi hiyo ilihamishiwa katika jenasi Parisotoma, lakini kwa zaidi ya miaka 100 iliendelea kuhesabiwa kuwa spishi moja, tena ya kawaida mno katika misitu, malisho na mashamba ya Ulaya.

Majina ya viumbe hawa yamekuwa yakihifadhi dhana za waliowapa. Linnaeus, mwaka 1758, aliwaweka katika jenasi Podura, jina linalounganisha maneno ya Kigiriki ya mguu na mkia. Katika miaka ya 1870 Lubbock aliliita kundi zima Collembola, kutokana na maneno yenye maana ya gundi na kabari, kwa kuwa aliuona mrija ulio chini ya tumbo kuwa kiungo cha kugandia. Leo inafahamika kwamba kazi kubwa ya mrija huo ni kufyonza maji na kusawazisha chumvi mwilini. Jina halikubadilishwa, na hapakuwa na haja. Jambo hili lafaa kukumbukwa na waundaji wa istilahi za Kiswahili, ambao mara nyingine hulitaka neno moja libebe fasili nzima.

Vigezo navyo vilibadilika. Wataalamu wa awali walitegemea sana rangi. Katikati ya karne ya 20, Hermann Gisin wa Geneva alisisitiza idadi na mpangilio wa vinyweleo, na kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu kolembola wa Ulaya kikawa rejeo la msingi. Kwa kigezo hicho spishi nyingi zilizodhaniwa kuwa moja ziligawanywa. Parisotoma notabilis haikuguswa.

Mwaka 2012 Porco na wenzake walilinganisha jeni za vielelezo kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Walibaini nasaba nne, zilizotofautiana kwa kiwango ambacho kwa kawaida hutenganisha spishi na spishi, ilhali kwa umbo hazikutofautishika. Suala la mtawanyiko likafunguliwa upya. Spishi iliyosifiwa kwa kuishi kila mahali huenda ilikuwa spishi kadhaa, kila moja na mipaka yake. Hata hivyo, mipaka hiyo si kuta: utafiti wa baadaye katika Uwanda wa Ulaya Mashariki umeonyesha kuwa nasaba tofauti huweza kukutwa pamoja.

Hapa ndipo orodha za zamani zinapokwama. Ingizo linalosema tu “notabilis” haliwezi kugawiwa nasaba yoyote bila kielelezo chenyewe, na vielelezo vilivyosafishwa kwa kemikali na kubandikwa kwenye vioo vya hadubini mara nyingi havitoi tena DNA. Aidha, haijulikani kwa kusoma maelezo ya Schäffer ni nasaba ipi yenye haki ya jina la mwaka 1896. Kwa washauri wa sera wanaotumia kolembola kupima afya ya udongo, athari ni ya moja kwa moja: wastani wa uvumilivu wa spishi moja unaweza kuwa mchanganyiko wa viumbe wanaoitikia kilimo au uchafuzi kwa namna tofauti. Mradi wowote wa ufuatiliaji unaoanzishwa sasa hauna budi kutenga sehemu ya vielelezo vyake katika alkoholi, kando ya orodha ya majina.