Rehani: Neno Lililoitangulia Kamati



Kabla ya msimu wa kupanda mpunga alifika nyumbani kwetu parokiani mama mmoja mkulima, mkononi ameshika karatasi za mkopo, kurasa nne, zote kwa Kiingereza. Alitakiwa atie sahihi siku ya pili yake. Alihitaji fedha za mbolea na za kukodi pawatila, na aliyemkopesha alikuwa amemweleza jambo moja tu, yaani kiasi atakachopokea. Tukaanza kumsomea, tukimfasiria mstari kwa mstari, mpaka tukafika pahali palipoandikwa kwamba ekari zake 2 za majaruba ni dhamana ya mkopo. Hivyo ndivyo tulivyofasiri, na kamusi ingetuunga mkono.

Mama akashtuka. "Baba, dhamana tena? Mbona kwangu hajakamatwa mtu?"

Tulicheka, kisha tukaona kwamba hapakuwa na cha kuchekesha. Kwa watu wetu wa Ubaruku dhamana ni ile ya kumtoa ndugu kituoni. Tukajaribu neno jingine: "Mama, shamba lako unaliweka rehani." Akanyamaza. Akazivuta zile karatasi upande wake, akazikunja. Neno hilo halikuhitaji maelezo.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza ni nani hasa hutupatia maneno ya Kiswahili kwa vitu na mambo yanayotujia kwa Kiingereza, na kwa nini mengine huingia moyoni na mengine hubaki vitabuni.

Watu wenyewe ndio watafsiri wa kwanza, nao hawangoji ruhusa. Mafundi wa magari walisikia Kiingereza cha bati lile linalokinga matope juu ya gurudumu, wakaliita madigadi. Kwa kuwa "ma" ni alama ya wingi katika magari na mashamba, bati likiwa moja likawa digadi. Vivyo hivyo katika njia panda za mviringo palisimamishwa kibao cha kuwaagiza madereva "keep left", na watu wakaipa njia panda yenyewe jina la kipilefti. Zikiwa nyingi, vipilefti. Mwingereza hakukusudia lolote kati ya hayo. Sarufi yetu ililipokea neno geni kama mgeni apokewavyo nyumbani: akae, lakini afuate desturi za nyumba.

Hapa kwetu tazameni mashamba tu. Mpunga huvunwa kwa kombaini, jaruba hulimwa kwa pawatila, na maji hugawiwa na viongozi wa skimu. Hakuna kamati iliyokuja Ubaruku kutufundisha maneno hayo. Lakini jaruba lenyewe halikuhitaji jina la Kiingereza, wala mfereji, wala kupura.

Kamati zilikuja pia, na tusizibeze. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na kamusi zilizotokana na kazi hiyo zilitoka mwaka 1939. Wajumbe wa mwanzo walikuwa Wazungu, jambo la ajabu kidogo kwa kamati ya Kiswahili. Baada ya uhuru, mwaka 1967, Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA.

Katika miaka ya uhuru wataalamu walifanya jambo lililotufurahisha mno tulipolisoma kwa mara ya kwanza seminarini: walitazama ndani, kwenye lugha zetu za makabila. Ikulu ilitoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ambako ni makao ya mtemi. Kwa sehemu ya chuo kikuu inayofundisha fani fulani, walichukua kitivo, ambacho kwa Wapare na Wasambaa ni ardhi yenye rutuba. Mkulima wa bonde la Usangu akielezwa hivyo, huelewa mara moja kwa nini mwanawe yuko kitivoni. Maneno mengine hayakubahatika. Kompyuta imeishinda tarakilishi. (Sisi wenyewe tuliwahi kuandika "tarakilishi" katika tangazo la kanisani, na mzee mmoja akatuuliza baada ya Misa ni ugonjwa gani.)

Kanisa letu lilipita njia zote mbili. Sakramenti na Ekaristi tuliziacha zikae na sura yake ya kigeni, altare ikatoka Kilatini, padre akatoka Kireno. Lakini neema na sadaka tulizikuta tayari katika Kiswahili, zimekwisha kuzoeleka vinywani mwa watu. Mtaguso ulipofungua mlango wa lugha za watu katika liturujia, Desemba 1963, maneno ya kuanzia hayakukosekana.

Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Juliasi Kaizari wa Shakespeare, na mwaka 1969 ikafuata ile ya pili, Mabepari wa Venisi. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakawa mabepari. Neno bepari lilikuja na Wahindi na hapo zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu, lakini Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na tayari bepari alikuwa mtu wa kushutumiwa. Wengine husema Mwalimu alizidisha. Sisi tunaona alijua alichokuwa akifanya, kwa kuwa mchezo ule wote ni habari ya karatasi ya mkopo: Antonio anatia sahihi, na akishindwa kulipa dukati 3,000, mkopeshaji atakata ratili ya nyama ya mwili wake. Kisha maisha yake yanaokolewa mahakamani kwa sababu mtu mmoja aliisoma karatasi neno kwa neno: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa.

Ndipo tunarudi kwenye rehani. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na pwani lilijulikana kwa machungu. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya karafuu huko Unguja na Pemba walikopa kwa matajiri wa Kihindi na kuyaweka mashamba yao rehani. Bei ya karafuu ilianguka, deni halikuanguka. Mambo yakaendelea hivyo hata serikali ya Zanzibar, mwaka 1934, ikatoa amri ya kuwekea mipaka uhamishaji wa ardhi ya Waarabu na Waafrika. Kiswahili kilipanda bara pamoja na wafanyabiashara, na hapa Usangu tunao hadi leo wazao wa Wabaluchi waliokuja kwa biashara na kubaki kwa kilimo. Neno lilisafiri na kumbukumbu yake. Dhamana ni neno safi, na wanasheria wana haki ya kulitumia, lakini kwa mama yule halikuwa na shamba ndani yake. Rehani lilikuwa nalo.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya miaka mingi ambayo hukumu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza huku mdai na mdaiwa hawakijui. Tuliishukuru hatua hiyo. Hata hivyo karatasi iliyoletwa mezani kwetu ilikuwa bado na Kiingereza chake, kurasa nne.

Mama yule hakuondoka mara moja. Alituomba kalamu, akaikunjua karatasi, akatuonyesha ukurasa wenye mstari ule na kusema: "Baba, niandikie hapo pembeni, kwa herufi kubwa, mume wangu naye asome." Tukaandika REHANI. Alfajiri ya siku ya pili walikuja wote wawili, safari hii wakitaka tuwasomee upya tangu ukurasa wa kwanza.