Majumba ya boriti, kwetu Unguja na huku Dubai

Leo siandiki habari za wodini wala za joto la huku. Nataka tuzungumze majumba ya matajiri wa zamani, yale ambayo hayapo tena, ya kwetu na ya huku. Yana udugu kuliko mnavyodhani!

Ninapokaa panaitwa Ras Al Khor, yaani rasi ya hori, maana hori letu ni hilohilo khor la Waarabu. Ndipo hori la Dubai linapoishia. Upande mmoja magereji, upande mwingine mikoko na heroe wengi. Mikoko hii imepandwa na watu. Zamani mti wa kujengea huku ulikuwa adimu, kwa hiyo majahazi yalikuja kwetu na kaskazi yamebeba tende na chumvi, yakarudi na kusi yamebeba boriti za Rufiji na Lamu. Ndizo zilizoezeka nyumba za wakubwa wa Ghuba. Ndiyo maana vyumba vya kizamani vya huku ni vyembamba na virefu kama vya Mji Mkongwe. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti!

Matajiri wa Dubai walikuwa wafanyabiashara wa lulu, nguo na mchele. Mwaka 1894 Sheikh Maktoum bin Hasher aliwaondolea ushuru wafanyabiashara wa kigeni, na wengi wakahamia kutoka pwani ya Uajemi. Waliotoka upande wa Bastak wakajenga mtaa wa Bastakiya, nyumba za matumbawe na chokaa zenye minara ya kuvuta upepo. Halafu Wajapani wakaanza kuuza lulu za kufugwa, na mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaanguka. Biashara ya lulu ikafa. Baadaye ikaja pesa ya mafuta, saruji na viyoyozi, wenye nyumba wakahama. Miaka ya 1980 karibu nusu ya Bastakiya ikavunjwa. Mwaka 1989 iliyobaki nayo ilikuwa ivunjwe, lakini msanifu majengo Mwingereza, Rayner Otter, aliyekuwa akiishi mlemle, akapiga kelele. Prince Charles akaja kuitembelea, na mpango ukafutwa. Leo watalii wanajazana pale.

Sasa tuje kwetu. Mtoni, kasri la Sayyid Said alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, liliungua 1914. Maruhubi, alilolijenga Seyyid Barghash, liliungua 1899, na leo mnaziona nguzo tu zimesimama. Beit al-Hukm lilikwenda tarehe 27 Agosti 1896, pale Waingereza walipopiga mizinga kwa dakika 38 hivi kumtoa Sayyid Khalid. Beit al-Sahel la zamani nalo likavunjika vibaya, na hilo mnaloliona Forodhani lilijengwa baadaye. Watu kiasi cha 500 waliuawa au kujeruhiwa. Na mwaka huohuo wa 1896, huku Shindagha, watawala wa Dubai walikuwa wanajenga nyumba yao, ambayo leo ni makumbusho.

Lakini mizinga na moto ni habari za zamani. Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, halikuangushwa na mizinga. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka mchana kweupe wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa limechoka miaka mingi, na kila mtu aliyepita Forodhani alikuwa akiona.

Nyumba za matumbawe zinauawa na maji. Paa likivuja, kichwa cha boriti kinaoza ndani ya ukuta, mahali usipopaona, na ukuta unaachia. Kisha mtu anasema "tutie saruji iwe imara". Saruji juu ya chokaa inaziba unyevu ndani, na ukuta unaoza taratibu huku kwa nje unang'aa. Sisi manesi tunajua kidonda kilichofungwa kabla hakijasafishwa kinavyokuwa.

Ndiyo maana naandika. Nimepata habari kuwa kwenye ile nyumba ya babu kuna wanaotaka kuiuza kwa haraka, na wengine wanaotaka kuipiga saruji yote. Ami zangu na mashangazi, mimi ni mdogo wenu, sina amri. Naomba tu kabla ya masika fundi wa chokaa apande juu aangalie paa na michirizi, na boriti zilizooza zibadilishwe. Gharama ya paa nitachangia, na wadogo zangu wa Muscat wamekubali. Mambo ya kuuza tuyazungumze baadaye, sote tukiwepo.

Sisi si masultani wala matajiri wa lulu, na ikianguka nyumba yetu hapatakuja mfalme wala mtalii kuililia. Tutailia wenyewe.

Nisalimieni wote, na mtoto aliyelazwa apate nafuu haraka. Wasalaam.