Filimbi, Ngoma na Mbuzi wa Mississippi

Wasee, kama umekulia Eastlands hii sauti unaijua. Jumapili asubuhi, jana ulirudi kama kumekucha, halafu Boys' Brigade wanapita chini ya ploti na ngoma zao. Hakuna kulala tena. Mimi nilikuwa mmoja wa hao waliokuwa wanakuamsha. Miaka mitatu nilibeba ngoma kubwa kuniliko, mkanda ukinikata bega, mwalimu wetu akipiga kelele "kushoto, kulia" ni kama tunaenda vitani kweli.

Sasa juzi usiku nikiwa kwa simu nikakutana na video ya shamba moja huko Marekani. Si shamba la kawaida. Ni yale wanaita mashamba ya historia hai. Watu wanavaa nguo za kina babu wa babu, wanalima na maksai, wanafua vyuma, wanapika kwa kuni, na ukiwauliza swali wanakujibu kazi ikiendelea. Old Sturbridge Village kule Massachusetts, kwa mfano, ilifunguliwa 1946, na ukiingia ndani mpaka leo ni miaka ya 1830. Kwa hiyo video niliyoona kulikuwa na mkusanyiko wa filimbi na ngoma. Vikundi kadhaa, makoti marefu, kofia za pembe tatu, wanapita katikati ya malisho na kondoo wanawaangalia tu. Watoto wadogo wanapiga ngoma vile mimi sikuwahi kupiga.

Binamu yangu akachungulia, akasema, "Achana na hizo mambo za wazungu." Karibu nimkubalie. Halafu nikaanza kusoma, na saa tisa usiku bado niko macho. (Chuo niliacha mwaka wa pili sababu ya karo, si sababu ya kuchukia kusoma. Tuelewane hapo.)

Kwanza, hiyo haikuwa muziki wa burudani. Ilikuwa redio. Vita vya karne ya 18, bunduki zinalia pande zote, moshi kila mahali, afisa anapayuka na hata askari wa hatua kumi hamsikii. Ngoma inasikika. Na ile filimbi ndogo ya mbao, matundu sita, unaipuliza kwa upande, sauti yake ni kali mpaka inapenya kelele zote. 1779 Baron von Steuben alipoliandikia jeshi la Marekani kitabu cha mazoezi, alitaja humo midundo ya kazi: wa kuamka, wa kukusanyika, wa kukunja mahema, wa kukimbilia silaha, wa kuomba mazungumzo na adui. Ule wa usiku, tattoo, jina lake limetoka kwa Waholanzi na maana yake ni kama "funga bomba". Ukilia, wenye baa wanaacha kuuza pombe na askari wanarudi kambini. Mnaona? Hata kufunga baa hakukuanza na serikali yetu.

Kazi nyingine ya wapiga ngoma haikuwa kwa hiyo video. Askari akikosea na kuhukumiwa viboko, wao ndio walikuwa wanamchapa.

Na hapo ndipo stori ilinishika. 1768 jeshi la Uingereza limeingia Boston. Kwenye uwanja wa Boston Common, wakaaji wanatazama askari wazungu wakichapwa viboko na wapiga ngoma weusi wa Kikosi cha 29. Kikosi hicho kilianza kuwa na wapiga ngoma weusi 1759, vijana waliochukuliwa Guadeloupe baada ya Waingereza kuiteka kutoka kwa Wafaransa. Sasa piga picha za sura za watu wa Boston, mji ambao watu walikuwa na watumwa ndani ya nyumba zao.

Rudi nyuma kidogo, South Carolina. Septemba 1739 watumwa wa karibu na mto Stono waliasi, wakatembea barabarani wakipiga ngoma ili wenzao wajiunge. Uasi ulizimwa kwa damu, na sheria ya 1740 ikapiga marufuku watumwa kuwa na ngoma na pembe. Wazungu hawakuwa wajinga. Walijua vizuri ngoma inafanya nini, si walikuwa na zao? Lakini karne hiyo hiyo, kule Virginia, sheria za wanamgambo zilimruhusu mtu mweusi aliye huru aingie bila bunduki, apige ngoma au tarumbeta. Yaani ngoma yako ni hatia, lakini yangu njoo unibebee.

Na watu waliibeba, manze. Barzillai Lew alikuwa mtu mweusi huru wa Massachusetts, fundi wa mapipa na mpiga filimbi. 17 Juni 1775 alikuwa Bunker Hill na filimbi yake. Kwa ile video ya shamba sikuona mtu kama yeye kwenye safu hata mmoja. Nguo zilikuwa sahihi mpaka kifungo cha mwisho, lakini ile safu yenyewe haikuwa sahihi. Hilo ndilo lalamiko langu, na sitalirudisha.

Sisemi ati wote ni waigizaji. Kikundi cha Moodus, Connecticut, kilianza 1860 na bado kinapiga. Watu wanarithishana ngoma kama shamba. Heshima kwao.

Lakini mimi ukinipa nauli siendi Connecticut. Naenda kaskazini mwa Mississippi, mahali panaitwa Gravel Springs. Huko watu weusi walichukua filimbi na ngoma za jeshi wakazifanya zao, zikawa za kucheza, si za kutembea kwa mstari. 1942 Alan Lomax alienda kwenye vilima hivyo akawarekodi. Otha Turner, mkulima aliyezaliwa 1907, alikuwa anakata mwanzi, anautoboa matundu kwa chuma cha moto, na hiyo ndiyo filimbi. Kila mwaka mwisho wa kiangazi alichinja mbuzi nyumbani kwake, akawachoma, na majirani wakacheza nyuma ya ngoma kwenye vumbi mpaka usiku. Mbuzi choma na ngoma! Hakuna kiingilio cha makumbusho, hakuna mtu amevaa kofia ya 1776. Albamu yake ya 1998 imetajwa mbuzi kwenye jina, Everybody Hollerin' Goat, na 2002 muziki wake ukaingia kwenye filamu ya Gangs of New York, ambayo labda umeiona bila kujua unamsikia mzee wa mwanzi.

Nilimwonyesha binamu yangu hiyo ya Mississippi. Hakusema kitu kuhusu wazungu. Alisema, "Rudisha nyuma kidogo," halafu akaanza kugonga meza.

Mzee Turner alifariki Februari 2003, na binti yake Bernice akafariki siku hiyo hiyo. Msafara wa kwenda makaburini uliongozwa na ngoma, na mbele kabisa alikuwa mjukuu wake, Shardé Thomas, bado msichana wa umri wa shule, akipuliza filimbi.