Moduli Haipatikani: U0113 kwa Kiswahili

Gari la mtumba kutoka Japani likishafika Unguja hujikuta na lugha tatu. Kioo cha dashibodi kinaandika Kijapani, mashine ya fundi inatoa Kiingereza, na hukumu inatoka kwa Kiswahili: "Kontroli boksi imekufa, sheikh." Baina ya kioo na hukumu pana neno limepotoshwa, na mwenye gari ndiye anayelipia.

Chukua Prado ya dizeli inayopandisha watalii kutoka Mji Mkongwe, ikipita Bububu hadi Kidichi, kwenye mashamba ya viungo na hamamu ya Kiajemi aliyoijenga Sultani Seyyid Said katika karne ya 19. Shambani mtembeza watalii hakosi jina la kitu: huu mdalasini, hii iliki, ule mlangilangi, huu mzingefuri. Dereva aliyebaki garini anatazama taa ya njano ya injini, na jina pekee alilonalo ni "taa imewaka". Mashine ikichomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, inasoma U0113. Au, kwa dizeli zenye sensa za NOx (oksidi za nitrojeni), jamaa yake U029D.

Huo ndio msimbo wa hitilafu. Mafundi wengine husema "kodi", neno ambalo mwenye gari akilisikia hushika mfuko kabla ya wakati. Herufi ya mwanzo ina uzito kuliko tarakimu zote: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasi pamoja na breki, U ni mtandao. Sifuri inayofuata inaonyesha kwamba msimbo ni wa pamoja, haukubuniwa na mtengenezaji mmoja kwa magari yake. Kwa hiyo, kabla hujafika mwisho wa namba, umeshaambiwa kwamba kinacholalamikiwa ni mazungumzo baina ya moduli, yaani kompyuta ndogo za gari ambazo mafundi huziita kontroli boksi. Nozeli na pampu hazijatajwa.

Mazungumzo hayo hupita kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo wake, CAN, ulianza kubuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1983, ukatangazwa Detroit mwaka 1986, na Marekani ikaufanya wa lazima kwa uchunguzi wa hitilafu katika magari mapya ya 2008. Kila moduli hutangaza taarifa zake tena na tena, mara nyingi katika sekunde moja, na wanaozihitaji husikiliza. Msikilizaji akizikosa kwa muda uliopangwa, yeye ndiye anayeandika msimbo. Aliyenyamaza hawezi kujishitaki. Ndiyo maana msimbo wa U ni ushahidi wa mtu wa pili, na fundi anayeusoma kama cheti cha kifo cha yule wa kwanza anasema kisichoandikwa.

Maneno rasmi ya U0113, yakigeuzwa moja moja, ni "kupotea kwa mawasiliano na taarifa muhimu za udhibiti wa moshi". Angalia kwamba hakijatajwa kifaa hata kimoja. Zilizokosekana ni taarifa, na kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachoeleza nani alipaswa kuzituma. U029D ni mkarimu zaidi, kwani humtaja mtumaji: sensa A ya NOx. "Kupotea" ni neno legevu mno hapa. "Kukatika", linalopendwa na wengi, ni baya zaidi, maana linamtuma fundi akatafute waya uliokatwa wakati waya unaweza kuwa mzima kabisa. Neno tunalolihitaji tunalisikia kila siku kwenye simu: haipatikani. Simu isiyopatikana huenda imezimwa, imeisha chaji, iko nje ya mtandao, au imetumbukia baharini, na hakuna anayeweka matanga kwa sababu namba ya mwenziwe haipatikani. Mimi ningeandika: "Taarifa za kudhibiti moshi hazipatikani."

Kuhusu "moshi" najua nitapingwa, kwa kuwa gesi nyingi za eksozi hazionekani kwa macho. Lakini "utoaji wa hewa chafu" ni refu, na masikio yetu yameshalizoea kwenye habari za tabianchi na viwanda. BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wakileta bora, nitalipokea.

Neno likiwa sahihi, upimaji nao hunyooka. Betri kwanza. Ikiwa dhaifu, volti hushuka wakati wa kuwasha, moduli huzimika kwa kitambo, na misimbo ya U humwagika. Betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma, takriban 13.5 hadi 14.5. Fundi aandike misimbo yote, aifute, gari litembee, kisha aone upi umerudi. Baada ya hapo aziulize moduli zote, ajue ni nani asiyejibu na ni wangapi wanaomlalamikia. Kidude rahisi cha Bluetooth aina ya ELM327 hakitoshi hapa, maana mara nyingi huongea na kompyuta ya injini tu. Asiyejibu akijulikana, zipimwe fyuzi zake na waya wake wa ethi.

Zikiwa nzima, zamu ya nyaya. Betri ikiwa imefunguliwa, mita kwenye tundu la 6 na la 14 isome karibu omu 60, kwa sababu kila mwisho wa mtandao una rezista ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba hutoa nusu. Ukisoma 120, upande mmoja umeachana na mwenzake. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Hata hivyo 60 isikuleweshe: magari mengi ya karibuni yana moduli ya kati inayotenga matawi, na tawi la sensa za eksozi halionekani kutoka kwenye soketi ya dereva. Itabidi ulale chini ya gari na upime kwenye plagi yenyewe.

Na huko chini ndiko kisiwa kinakofanya kazi yake. Unyevu wa chumvi hugeuza shaba kuwa kijani ndani ya plagi, tope la masika la njia za mashamba huingia pasipo na mpira, na panya hawachagui waya. Utakuta pia plagi iliyochomolewa makusudi na mtu aliyechoka kununua AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, akafuta msimbo na kuliuza gari. Waya ukiungwa, usokotwe tena kama ulivyokuwa, kwa sababu msokoto ndio unaofanya kelele za umeme ziguse nyaya zote mbili sawasawa na kujifuta.

Moduli inahukumiwa mwisho: ina umeme, ina ethi, nyaya zinaifikia zikiwa nzima, na bado haijibu. Hapo mwenye gari aagize nyingine, akijua kwamba ya mtumba huenda ikahitaji kuprogramiwa upya kabla gari halijaikubali. Risiti nayo itaje vilivyopimwa na namba zilizosomwa, ili fundi wa pili asianze na kontroli boksi.