Kuzuia mikwaju ya goli katika raga

Kuzuia mikwaju ya goli ni haki ya walinzi kujaribu kuuzima mpira unaopigwa kuelekea milingoti. Sheria za kimataifa za raga hutofautisha mikwaju miwili. Mkwaju wa penalti una pointi 3: wapinzani hurudi mita 10, husimama tuli mikono ikiwa ubavuni hadi mpira upigwe. Mkwaju wa nyongeza baada ya trai, wenye pointi 2, ndio unaoruhusu mbio za kumkabili mpigaji: walinzi hutoka mstari wa goli mpigaji anapoanza kuuendea mpira. Wanaweza kuruka, lakini si kwa kuinuliwa na wenzao. Raga ya wachezaji saba hairuhusu mbio hizo.