Kahawa ya mtu mmoja: planja si dele

Kuna wasomaji walioniuliza kwa nini kahawa ya planja, lile birika la kioo lenye kifimbo na chujio la waya, huwatokea ama tungu ya kukunja uso au maji maji isiyo na ladha. Mara nyingi sababu ni moja: tunaitumia kama dele.

Dele hukaa juu ya makaa. Kahawa yake hutwangwa laini, hutokota kwa muda, hutiwa tangawizi, na hunywewa na watu wengi kwa vikombe vidogo. Planja haipandi motoni kamwe. Kahawa yake ni ya chenga, hulowekwa tu kwa maji ya moto, kisha chujio husukumwa chini ili mashapo yabaki. Waitaliano Attilio Calimani na Giulio Moneta ndio waliopewa hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1929.

Kipimo cha kikombe kimoja ni maji mililita 250 kwa kahawa gramu 15, yaani vijiko vitatu vikubwa vilivyosawazishwa. Buni zetu za arabika zafaa sana, mradi zisikaangwe hadi kuwa nyeusi.

1. Twanga au saga buni, ukomee zikiwa chenga kama chumvi ya mawe.
2. Suuza planja kwa maji ya moto, kioo kipate joto.
3. Chemsha maji, yaepue, ngoja nusu dakika. Mimina juu ya kahawa, koroga mara moja, funika bila kusukuma.
4. Subiri dakika 4.
5. Sukuma chujio polepole.
6. Mimina yote kikombeni papo hapo, kwani ikikaa juu ya mashapo huzidi utungu. Funda la mwisho liache.

Mimi nilianza na kahawa ya unga laini ya dukani. Chujio likaziba, nikalazimisha kwa kiganja, maji ya moto yakaniruka mkononi. Alama ninayo hadi leo. Likikaza, livute juu kidogo, ngoja, kisha endelea. Ukishindana nalo hata kioo chaweza kupasuka.

Jambo la afya pia. Chujio la waya hupitisha mafuta ya kahawa, nayo yana kafestoli, ambayo hupandisha kolesteroli. Chujio la karatasi huyazuia. Kahawa ya kuchemshwa ya dele nayo ina mafuta hayo. Mwenye tatizo hilo apunguze vikombe, azungumze na daktari wake.

Kunywa kahawa kwa ajili ya kukesha si jambo geni. Masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa katika karne ya 15 wapate nguvu ya dhikri usiku. Kwa anayeamka kabla ya alfajiri na nyumba nzima imelala, planja inamtosha: hakuna makaa ya kuwasha wala kahawa ya kumwaga.

Lakini magharibi ikishaswaliwa, yangu huiacha kabatini. Habari za mgonjwa, za msiba, za jirani aliyeshindwa kulipa karo, huzipata barazani kando ya dele. Anayejifungia na kikombe chake atazisikia wenzake wameshachanga na kurudi.